Hollow Knight au Elden Ring: uanze na ipi?

Nimezimaliza gemu hizi zote mbili za kompyuta, na nikiulizwa bado naitaja Hollow Knight kwanza. Ilitoka 2017, kazi ya Team Cherry, kikundi kidogo cha Adelaide, Australia. Wewe ni kijidudu chenye silaha iitwayo msumari, unashuka Hallownest, ufalme uliokufa chini ya ardhi. Huna ramani. Ghafla unaona karatasi zimetapakaa njiani, unasikia mtu akiimba mdomo umefumbwa: ni Cornifer, muuza ramani. Aisee, sauti ile inatuliza moyo! Ramani yenyewe ni nusu tu. Iliyobaki unaichora mwenyewe ukishanunua kalamu, na haijazwi mpaka ukae kwenye benchi.

Elden Ring ya FromSoftware, Japani (2022), haikubanii njia. Ukitoka tu nje, yule pale askari wa dhahabu juu ya farasi. Mimi nilimvaa kichwakichwa. Sikumaliza hata sekunde kumi. Kumbe unampita pembeni, unazurura kwingine, unarudi umeshiba nguvu. Hollow Knight haina huruma hiyo: huongezi viwango vya nguvu kwa kuua wadudu, na ukuta usioweza kuuruka leo unasubiri upate uwezo mpya.

Ukifa, kote unaacha mali ulipoangukia, na ukifa tena kabla ya kuichukua, imekwenda. Ila Hollow Knight inakulazimisha upigane na kivuli chako mwenyewe ndipo uipate.

Halafu kuna mashine. Elden Ring inataka gigabaiti 60 za nafasi. Laptopu yangu ya zamani ilikataa katakata.