Miaka Sita na Rangi Nyeusi ya Nywele: Uzoefu Wangu wa Mvi za Ujanani

Nilianza kupaka nywele rangi nikiwa na umri wa miaka 23, na kilichonisukuma ni shikamoo. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni, nimempa mgongo mtu aliyekuwa nyuma yangu, naye akaniamkia kwa adabu zote kabla ya kuniuliza kama ile ndiyo foleni ya malipo. Nilipogeuka tukatazamana. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, mtoto wake amemshika mkono, na kwa kukadiria alinizidi miaka isiyopungua 10. Neno "marahaba" lilinikwama kooni, naye akacheka kidogo na kusema, "Samahani, kaka, nimeona kichwa tu," kisha kila mmoja akainamia simu yake kana kwamba hakuna kilichosemwa. Jioni ya siku hiyo nilinunua pakiti yangu ya kwanza ya rangi nyeusi, na kwa miaka 6 iliyofuata sikuwahi kukosa akiba yake kabatini. Haya ninayoyaandika ni tathmini ya bidhaa hiyo kwa jinsi nilivyoitumia mimi, pamoja na nyingine nilizojaribu baada yake, kwa ajili ya kijana mwenzangu aliyeota mvi kabla ya wakati na anayejiuliza kama apake au aache.

Mvi ya kwanza niliiona nikiwa na miaka 19, kwenye panja la kushoto, nikaing'oa kwa kibanio. Baada ya muda ikarudi palepale, ngumu na iliyosimama kuliko jirani zake, na mwenzangu wa chumba akanionya kwamba ukiing'oa moja, saba huja kuizika. Hilo si kweli, kwa sababu kila kinyweleo huotesha unywele wake bila kujali kinachompata jirani. Ila kung'oa mara kwa mara kunaweza kukiumiza kinyweleo chenyewe hadi kikaacha kuotesha chochote, na mimi nina kidoa cha upara panjani ambacho ni ushahidi wa kutosha. Nilipomlalamikia mama, ambaye kichwa chake kilikuwa cheupe tangu nikiwa darasa la pili, hakunipa pole. "Hizo hukuziokota njiani, mwanangu," alisema. "Ni za babu yako. Mimi nilizipokea, na wewe zipokee."

Kabla ya kugusa rangi yoyote nilimwona daktari, na huo ndio ushauri wa kwanza ninaoutoa kwa mtu yeyote. Madaktari wa ngozi huzihesabu mvi kuwa za mapema zinapoanza kabla ya miaka 20 kwa watu wenye asili ya Ulaya, kabla ya 25 kwa Waasia, na kabla ya 30 kwa Waafrika, kwa hiyo nilikuwa ndani ya mstari kwa mbali sana. Nilipimwa kiwango cha vitamini B12, kiwango cha madini ya chuma na utendaji wa tezi ya thairoidi, kwa kuwa upungufu au hitilafu katika mambo hayo inaweza kuleta mvi mapema na baadhi yake hutibika. Majibu yote yalikuwa mazuri, jambo lililonifurahisha na kunivunja moyo kwa wakati mmoja, maana nilitamani kuambiwa kwamba kuna kidonge. Daktari alinieleza kwamba ndani ya kinyweleo kuna seli zinazotengeneza melanini na kuutia unywele rangi ungali unaota, na kwamba seli hizo zikiisha au zikiacha kazi, unywele hutoka bila rangi. Urithi ndio unaoamua kwa sehemu kubwa ni lini zitachoka. Watu wengi waliniambia ni mawazo, na siwezi kuwacheka, kwa kuwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mfadhaiko mkali kwa panya humaliza akiba ya seli shina zinazozalisha seli za rangi. Lakini mimi sikuwa na mawazo yoyote mpaka mvi zenyewe ziliponiletea.

Mafuta ya "kurudisha weusi" nayapitia haraka. Nilinunua chupa mbili, nikapaka kwa miezi 4, nikapata mto wenye madoa. Unywele uliokwisha kutoka kichwani hauna uhai, na mafuta ya kupaka juu yake hayaurudishii melanini.

Sasa niiseme rangi yenyewe. Niliyoitumia kwa muda mrefu ni ya aina ya kudumu, ambayo huuzwa ama kama unga wa kukorogea maji au kama krimu mbili za kuchanganya muda mfupi kabla ya kupaka. Kemikali inayofanya kazi kwenye rangi nyingi nyeusi za aina hiyo ni parafenilinidiamini, ambayo kwenye pakiti mara nyingi huonekana kwa kifupi cha PPD. Molekuli zake ni ndogo, hivyo hupenya hadi ndani ya unywele, na zikikutana na oksijeni inayotolewa na dawa ya pili huungana na kuwa kubwa kiasi cha kushindwa kutoka tena. Ndiyo maana rangi hii haiishi kwa kuoshwa na shampuu, na kwa upande huo bidhaa ilitimiza kila ilichoahidi. Dakika 30 kwa saa ya ukutani, maji ya vuguvugu hadi yatiririke meupe, na mvi zote zikawa zimetoweka.

Mara ya kwanza nilijiangalia kwenye kioo nikaona kichwa cha mtu mwingine. Weusi ulikuwa mmoja kuanzia utosini hadi kisogoni, hauna kivuli wala mng'ao, kama kofia iliyochongwa, na masikio yangu yalikuwa na ukingo mweusi uliokaa siku 3. Kosa langu lilikuwa la kawaida kwa wanaoanza: nilichagua nyeusi tii kwa sababu nilidhani nywele zangu ni nyeusi, kumbe nywele nyingi tunazoziita nyeusi zina ukahawia ndani yake, unaoonekana juani. Baadaye nilihamia kahawia iliyokoza sana, nikajifunza kupaka mafuta mazito ya mgando kwenye ukingo wa uso na masikio kabla ya kuanza, na kupaka dawa kwenye mashina tu badala ya kichwa kizima, kwani sehemu iliyokwisha kupakwa ikirudiwa kila mara huwa nyeusi kupita kiasi na kukauka. Baada ya hapo hata kinyozi wangu hakugundua hadi nilipomwambia.

Kasoro kubwa ya bidhaa hii haiandikwi kwenye pakiti, nayo ni kalenda. Nywele huota takribani sentimita 1 kwa mwezi, na kwa mtu mwenye mvi nyingi panjani, milimita chache tu zinatosha kuchora mstari mweupe unaoonekana na kila anayekaa upande wako. Kwangu ilikuwa kila baada ya wiki 3, ambayo ni kama mara 17 kwa mwaka, na nikijumlisha miaka yote 6 nimeinamia beseni lile zaidi ya mara 100. Nilizipanga safari zangu kwa kuangalia mashina. Kuna harusi niliyochelewa kwa sababu ya dakika 30 hizo, na kuna picha za kazini nilizozikwepa kwa kuwa wiki ya tatu ilikuwa imefika. Mtu akiinua mkono kunitoa uzi kichwani, nilirudi nyuma.

Kuhusu watu, nilichokigundua ni kwamba wanazihusisha mvi na mambo yasiyofanana, kutegemea ziko juu ya kichwa cha nani. Kabla sijaanza kupaka, wageni waliokuja ofisini walikuwa wakimpita mkuu wangu wa kitengo na kunipa mimi mkono kwanza, wakanieleza shida zao kwa heshima ambayo sikuwa nimeifanyia kazi. Nilipopaka, wakaanza kuniagiza niwaitie mkubwa. Nakiri kwamba hilo liliniuma, ingawa ndilo nililolinunua. Mwenzangu mmoja wa kike, ambaye tunalingana umri na ambaye naye alianza kuota mvi akiwa chuoni, alinisikiliza nikilalamika, halafu akasema, "Wewe ukiziacha utaitwa mwenye busara. Mimi nikiziacha wataniuliza naumwa nini, na kama nimekata tamaa ya maisha." Sikuwa na jibu, na sidhani kama lipo. Utani wa "mzee, kaa hapa" huchekesha mara ya kwanza na huchosha mara ya 40, hata unapotoka kwa watu wanaokupenda. Na wanaosema "lakini zinakupendeza" huharibu kwa hiyo "lakini".

Nikiwa na miaka 29 ngozi yangu ilikataa. Nilipaka Jumamosi jioni kama kawaida, kwa rangi ileile ya siku zote, na kichwa kikaanza kuwasha kabla sijalala. Asubuhi masikio yalikuwa mekundu na ya moto. Kufikia Jumatatu kope zilikuwa zimevimba hadi jicho la kulia halifunguki, paji la uso lina malengelenge madogo yanayotoa maji, na shingo haigeuki. Daktari wa zamu aliponiuliza kama nilifanya jaribio la saa 48 kabla ya kupaka, yaani kuweka tone la rangi kwenye ngozi na kusubiri kuona kama patawasha, nilijibu kwamba nililifanya mwaka wa kwanza na sikupata shida. Akanieleza kwamba mzio wa PPD hauna desturi ya kujitokeza mara ya kwanza. Mwili unaweza kuizoea dawa kwa miaka, kumbe unaijengea uadui kidogokidogo, na siku moja ukafungua vita. Ndiyo maana maelezo ya pakiti hutaka jaribio lifanywe kila unapotaka kupaka, sentensi ambayo macho yangu yalikuwa yakiiruka kwa miaka 5. Nilimeza vidonge na kupaka krimu kwa karibu wiki 2. Ngozi ilipopona nilibandikwa vipimo mgongoni, na sehemu yenye PPD ilituna kama imeumwa na nyigu. Mzio huo haupoi. Niliambiwa pia niiepuke piko, yaani hina nyeusi ya kuchora ngozi, kwa kuwa mara nyingi weusi wake hutokana na kemikali hiyohiyo, na pengine kwa kipimo kikubwa kuliko kinachoruhusiwa kwenye rangi za nywele.

Nikahamia kwenye hina halisi ya majani pamoja na unga wa mnili, yaani mmea unaotoa rangi ya nili, na hapa hukumu yangu imegawanyika. Hina peke yake juu ya mvi hutoa rangi ya machungwa, na wiki niliyoijaribu bila mnili nilizunguka na kichwa chenye kutu. Ukifuatisha mnili baada ya kuosha hina, unapata kahawia iliyokoza au nyeusi ambayo, kwa macho yangu, ni nzuri kuliko ile ya pakiti, kwa sababu kila unywele hupokea rangi kwa kiasi chake na kichwa hakiwi kofia. Lakini hina inataka saa 2 au zaidi, mnili saa nyingine, na tope lake huingia kila mahali. Isitoshe, baadhi ya pakiti zinazojiita hina huchanganywa na PPD ili zikolee upesi, kwa hiyo hina inayoahidi weusi kwa dakika chache si hina tu, na mwenye mzio kama wangu asome viungo vyote kabla ya kufungua pakiti. Nilivumilia kwa miezi 7, kisha uvivu ukanishinda.

Kuacha kabisa kulikuwa kwepesi kuliko nilivyodhani, kwa kuwa nywele zangu ni fupi. Mtu mwenye nywele ndefu atakaa mwaka mzima na zaidi akiutazama mpaka kati ya nyeusi na nyeupe ukishuka taratibu, isipokuwa akubali kukata. Mimi nilimwambia kinyozi ashushe mashine hadi chini, na baada ya wiki 4 nikawa na kichwa cha rangi moja, yaani cha kijivu, panjani peupe kabisa. Mpwa wangu wa miaka 5 alinigusa akaniuliza, "Mjomba, umemwagikiwa na unga?" Nikamwambia ndiyo. Wiki hiyo hiyo nilipata shikamoo mbili kutoka kwa watu ambao huenda wamenizidi, na nimeamua kuziitikia zote, kwani kumrekebisha mtu katikati ya salamu kunamwaibisha kuliko kunavyonisaidia mimi.

Kwa mtu ambaye ngozi yake inaikubali, bidhaa hii ni nzuri na sitamzuia: achague kahawia iliyokoza badala ya nyeusi, apake mashina tu, na asiruke jaribio hata mara moja. Yule mwenzangu wa ofisini bado anapaka. Mwezi uliopita, baada ya kuziona picha za uso wangu uliovimba ambazo sikuwahi kumwonyesha kabla ya hapo, alipaka tone moja nyuma ya sikio Ijumaa jioni kabla ya kutoka kazini, na Jumapili usiku akaniandikia kwamba hapawashi.