Miezi minne ya chakula kibichi kwa Sajenti: mpango nausifu, vifurushi sivirudii

Sajenti ni chotara wa shepadi, ana miaka minne na kilo 32. Maisha yake yote amekula wanachokula mbwa wengi hapa Dar: ugali wa dona, dagaa, na mwisho wa wiki mapupu ya kuchemsha. Njaa hakuijua, ila alikuwa anajikuna mpaka anatoka vidonda mgongoni, na mdomo wake ulinuka kiasi kwamba watoto walikuwa wanamkwepa. Rafiki yangu mwenye mbwa wa ulinzi akaniunganisha na mtu anayefanya biashara ya chakula kibichi cha mbwa. Unamtumia umri na uzito kwa WhatsApp, anakupangia chakula cha wiki, na ukitaka anakuletea vifurushi vilivyogandishwa mpaka getini. Mpango peke yake ni shilingi 30,000, unalipa mara moja tu. Vifurushi 65,000 kwa wiki. Nikachukua vyote.

Nianze na mpango, kwa sababu ndio ulionifaa. Mbwa mzima hula kati ya asilimia 2 na 3 ya uzito wake kwa siku. Sajenti tukampa 2.5, ikaja gramu 800. Humo nyama ni asilimia 80, mfupa 10, maini 5, na kiungo kingine kama figo au bandama 5. Ukisoma hivyo unaona rahisi, mpaka uende bucha ndipo unagundua kwamba hakuna anayekuuzia "gramu 80 za mfupa". Unauziwa shingo za kuku, na shingo yenye ngozi yake mfupa ni kama theluthi tu, kingine chote ni nyama. Karatasi ya mpango ilikuwa imeshafanya hesabu hiyo: gramu 220 za shingo, 500 za nyama tupu, 40 za maini, 40 za bandama. Jumla 800. Kwa mtu kama mimi niliyekuwa nakadiria kwa kiganja, hapo hela yangu ilirudi. Na sharti moja limeandikwa kwa wino mwekundu: mfupa usipikwe kamwe. Ukipikwa unakauka, unavunjika vipande vyenye ncha kali na kumchana mbwa tumboni.

Sasa vifurushi. Wiki ya kwanza Sajenti alikula mpaka akalamba sahani ikahama chumba. Wiki ya pili akaanza kuhangaika kupata choo, na kilichotoka kilikuwa cheupe, kikavu, ukikigusa na kijiti kinasagika kama chaki. Hiyo ni dalili ya mfupa kuzidi. Nikachukua kifurushi kimoja, nikakiacha kiyeyuke kwenye chujio, nikapima kwa mizani ya jikoni. Kilichoandikwa gramu 800 kilitoa maji ya kujaza kikombe, na kilichobaki kilikuwa na gramu 640. Ndani nikakuta miguu ya kuku mingi (mguu wa kuku zaidi ya nusu yake ni mfupa), na palipoandikwa "viungo vya ndani" palikuwa na firigisi na moyo. Wapishi hapa watanielewa: firigisi ni msuli, moyo nao ni msuli. Kwenye hesabu hii vinaingia upande wa nyama. Haviwezi kushika nafasi ya maini wala figo, kwa sababu vitamini A na shaba anazozihitaji mbwa zinakaa kwenye maini. Nikamwandikia muuzaji. Akanijibu kwa upole kwamba "wateja wengine hawajalalamika", akaahidi kurekebisha, na wiki iliyofuata miguu ikapungua lakini firigisi ikabaki palepale. Nikasitisha.

Tangu hapo nanunua mwenyewe. Kwa wiki natumia kama 40,000: kilo moja na nusu ya shingo, kilo tatu na nusu za nyama ya kichwa na vipande vya pembeni, maini robo na kidogo, bandama hivyo hivyo. Jumapili asubuhi napima, nafunga makopo saba, naweka kwenye friza. Jamaa wa bucha siku ya kwanza alinitazama, akaniuliza, "Kaka, nyama yote hii ya mbwa? Nyumbani mnakula nini?" Nikamwambia dagaa. Tukacheka, ila alikuwa na hoja.

Kuna jambo ambalo mpango haukuligusa kabisa, na ndilo lililonikasirisha zaidi ya firigisi. Nilipompeleka Sajenti kwa daktari wa mifugo kwa chanjo, nikamtajia chakula, akaacha kuandika. Mapafu na maini ya ng'ombe, mbuzi na kondoo yanaweza kuwa na vifuko vya maji vya tegu (mnyoo bapa wa tumboni) mdogo anayeitwa Echinococcus. Mbwa akila kifuko kibichi, tegu anakomaa kwenye utumbo wake, mayai yanatoka na kinyesi, yanashika kwenye manyoya, na mtoto anayemkumbatia mbwa anayameza. Kwa binadamu kifuko kinaota kwenye ini au mapafu na kukua polepole kwa miaka. Turkana kule Kenya ugonjwa huu umejulikana muda mrefu. Halafu kuna salmonella, bakteria wa kuharisha, ambayo friza ya nyumbani haiiui. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipopima sampuli 196 za chakula kibichi cha wanyama wa nyumbani, 15 zilikuwa na salmonella na 32 zilikuwa na listeria, bakteria mwingine. Na hivyo ni vyakula vya kiwandani, sembuse bandama iliyoshinda juani.

Basi nimebadilisha. Maini sasa ni ya kuku, bandama na figo nazichemsha, mapupu yamefutwa kabisa. Dawa ya minyoo yenye praziquantel anapewa kila wiki sita. Sahani yake inaoshwa nje kwa maji ya moto, na hakuna mtoto anayeigusa. Umeme nao ukikatika zaidi ya nusu siku sigandishi upya kilichoyeyuka: nachemsha kila kitu, shingo natoa kabisa, na badala ya mfupa naweka unga wa ganda la yai, nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama.

Friza yenyewe ilileta kesi. Mama mkwe alikuja kutoka Tanga, akafungua kutafuta barafu, akaona makopo saba yameandikwa SAJENTI. "Baba Zuhura, hii friji ni ya watu au ya mbwa?" Sikuwa na jibu la maana. Nimenunua friza ndogo ya mtumba, ipo stoo, na hiyo gharama mtu anayekuuzia mpango hakuhesabii.

Matokeo? Meno yamesafika kweli, na harufu ya mdomo imepungua sana. Choo ni kidogo na kigumu kiasi, kuokota ni rahisi. Manyoya yanang'aa, ingawa dagaa wa baharini niliowaongeza mara mbili kwa wiki huenda ndio wanaostahili sifa. Kujikuna hakukuisha kwa chakula. Kuliisha daktari alipomkuta na viroboto na kumpa dawa. Miezi miwili nilikuwa naisifia nyama kwa kazi ambayo haikuifanya.

Mpango naupa nyota nne, ningeupa ya tano kama muuzaji angeandika sentensi mbili tu kuhusu minyoo. Vifurushi nyota mbili, na moja kati ya hizo ni ya kijana wa bodaboda ambaye hajawahi kuchelewa. Mwenye mtoto mchanga au mgonjwa ndani ya nyumba, mimi ningemwambia apike. Na kwa mtoto wa mbwa wa aina kubwa usitumie karatasi hii hata kidogo, hesabu ya kalsiamu yake ni nyingine kabisa na ikikosewa mifupa inakua vibaya.

Sajenti sasa ana kilo 31. Jumapili nikitoa mizani kabatini anaisikia akiwa getini.