NOAA au Debris Tracker: ipi inatufaa sisi wa Dar?

Data za plastiki baharini zinapatikana bure, na mbili zinazotajwa sana ni hifadhidata ya chembe ndogo za plastiki ya NOAA, shirika la Marekani la bahari na angahewa, na programu ya simu ya Marine Debris Tracker, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Georgia.

NOAA imekusanya vipimo vya watafiti wa nchi mbalimbali kuanzia mwaka 1972. Unafungua ramani, unachagua bahari na miaka, unapakua faili la CSV, yaani jedwali la kufungua kwenye Excel. Kila nukta ina tarehe, mahali, kifaa kilichotumika na wingi wa vipande, mara nyingi kwa mita ya ujazo ya maji. Tafadhali, soma safu ya kifaa kwanza! Wavu wa matundu ya milimita 0.33 hupitisha chembe nyingi ndogo, hivyo tarakimu zake huwezi kuzilinganisha moja kwa moja na za maji yaliyopita kwenye chujio laini. Wanaoiruka safu hiyo wanapotosha watu.

Debris Tracker ni ya miguu mchangani. Unaokota kizibo Coco Beach, unachagua aina yake, simu inarekodi mahali kwa GPS. Chembe za chini ya milimita 5 nyingi zitakupita, lakini unaona taka kubwa zinakotokea.

Kwa tasnifu, NOAA bila kusita. Kwa vikundi vya usafi vya Kunduchi au mdomo wa Mto Msimbazi, nachagua Debris Tracker: diwani ukimwonyesha vizibo na chupa za mtaani kwake kwenye ramani, atakuwa na cha kujibu.