Send-off ya mdogo wangu na wale jamaa wa "sherehe bila taka" hapa Mbeya

Naandika hii maana watu watatu wameshaniuliza inbox kama wale tuliowapa kazi ya send-off ya mdogo wangu wanafaa au ni maneno tu. Jina siweki, nina mazuri na mabaya ya kuwasema na sitaki ugomvi na mtu. Ni wale wanaopika na kupamba kwa pamoja, wanajiuza kwamba sherehe yako haitaacha lundo la uchafu.

Kwenye kamati kulikua na kelele. Baba mdogo ndo alikua mwenyekiti, akasema hiyo bila taka ni kubana matumizi kwa jina zuri, na mbona bei yenyewe haijabanwa? Na kweli, sahani walitupigia elfu 22 wakati wengine walisema elfu 18.

Sasa kilichonikosha, na kwangu ndo kazi yenyewe, ni jinsi walivyohesabu watu. Sherehe zetu mnazijua, mnatoa kadi 200 mnapika za 260 kwa sababu aliyepewa single anakuja na mke na aliyepewa double anakuja na watoto wa jirani, alafu kesho yake mnaamka na masufuria ya pilau yameshachacha mnaanza kuulizana nani anafuga nguruwe. Hawa walikataa kabisa. Kadi zikaenda kwa watsap, zile za kuskani mlangoni, wazee kama thelathini tu ndo walichapishiwa za karatasi, na siku nne kabla kuna dada wao alipiga simu kwa kila mwalikwa mmoja mmoja, "shikamoo mama, Jumamosi utafika? Utakua na nani?" Wakathibitisha 163, wakapika sahani 180, walioingia mlangoni ni 171. Piga hesabu mwenyewe: 260 kwa elfu 18 ni 4,680,000, na 180 kwa elfu 22 ni 3,960,000. Baba mdogo alipiga kwenye simu yake mara mbili alafu akanyamaza, akaenda kujiongezea nyama.

Kilichobaki ni wali kidogo na mbalaga (ndizi za kupika), navyo vilikua na wenyewe, maana kwenye kadi waliandika kabisa njoo na hotpoti yako. Tangu marambo (mifuko ya plastiki) yapigwe marufuku Juni 2019 akina mama wamekua wanafunga chakula kwa kujificha, kwenye foili, kwenye tishu, wengine kwenye mkoba moja kwa moja (mama mmoja namjua, simtaji). Hapa walipanga foleni kama sadaka. Mifupa na makombo alikuja kuchukua kijana wa Uyole na ndoo zake, anafuga.

Maji hakuna hata chupa moja. Waliweka yale madumu ya lita 20 pembeni na glasi mezani, wahudumu wanapita na jagi. Kwa watu 171 chupa zingekua mia tatu na kitu, na nusu yake ungekuta zimenywewa mafunda mawili zimeachwa. Soda za chupa za kioo, na walielewana na duka kwamba kreti ambazo hazijafunguliwa zinarudi. Hii ilituokoa jamani, ilikua Julai, na Julai ya Mbeya nani anakunywa soda ya baridi saa tatu usiku watu wamekaa na makoti? Kreti tano zilirudi kama zilivyokuja. Chai ya tangawizi ndo iliisha, wakachemsha tena ikaisha tena.

Ila hapo kwenye maji mjiandae na wazee. Shangazi kutoka Tukuyu aliniita pembeni kwa sauti ya msiba, "mwanangu, michango imepelea? Mbona mezani hamna maji?" Kwake yeye chupa iliyofungwa mbele ya mgeni ndo heshima. Nikamwelezea weee, akasema ndaga (asante kwa Kinyakyusa), lakini sura yake haikusema ndaga. Wangemwambia MC atangaze mapema yasingetokea haya.

Mabaya sasa. Kwenye vitafunwa vya mwanzo wakajifanya wabunifu, badala ya sahani wakaweka majani ya mgomba. Wazo zuri, huku migomba tunayo ya kumwaga, lakini jani bichi ukilikunja linapasuka, kila mtu aliyekulia huku anajua lazima ulipitishe kwenye moto kwanza lilainike. Hawakupitisha. Mchuzi wa firigisi ukaishia kwenye suti ya mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, upande wa bwana harusi!! Tukaomba radhi mpaka basi.

La pili ndo liliniuma zaidi. Waliweka mapipa matatu yameandikwa vizuri, chakula, chupa, taka nyingine, watu wakatupa kwa adabu na kupiga nayo picha. Saa saba usiku mimi nahesabu viti naona mama wa usafi wa ukumbi anamimina pipa la chupa na la taka kwenye kiroba kimoja, nikamuuliza akasema hakuna mtu aliyemwambia kitu, na gari la taka lenyewe linabeba vyote pamoja. Hana kosa yule mama. Walishindwa nini kumtafuta mapema, au kuleta mtu wao wa chupa kama walivyomleta wa nguruwe? Mkiwachukua liandikeni kwenye mkataba, nani anaondoka na kiroba kipi.

Mapambo sina neno, vitenge mezani na maua kwenye vyungu, ya kukodi, mazima na udongo wake, hakuna baluni wala maua ya plastiki.

Nawapa tatu na nusu kati ya tano. Ningewachukua tena, ila majani wangeniachia mimi.

Na kwenye dipoziti yetu wamekata hela ya vyungu sita vilivyopotea. Kimoja nimekikuta juzi Tukuyu kwenye baraza la shangazi, ua limeng'olewa, kapanda vitunguu.