Seti ya joystiki na vitufe vya Zero Delay: angalia unene wa ubao

Kwa kabati la michezo la mezani linaloendeshwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, seti hii inatosha kabisa. Hakuna kulehemu: nyaya unachomeka kwenye bodi ya Zero Delay (kibao cha elektroniki kinachounganisha vitufe na kompyuta), bodi unaichomeka USB, basi. Shida iko kwenye vitufe. Ni vya milimita 30, na hujishikilia kwa vibawa vya plastiki vilivyokusudiwa bamba jembamba. Ukitoboa ubao wa MDF (wa unga wa mbao ulioshindiliwa) wa milimita 18, vibawa haviwezi kung'ata upande wa pili, na kitufe kinachomoka mchezo ukikolea. Tumia akriliki ya milimita 3, au dai vitufe vya kukaza kwa nati. Vya nati ndivyo ningenunua. Joystiki ikienda kushoto ukisukuma juu, ifungue, izungushe nyuzi 90, uifunge tena.