Kabla ya kununua mfumo wa tovuti, uliza utahamaje

Barua pepe ninazopokea kutoka kwa wasomaji kuhusu tovuti zinafanana mno. Mwenye shule ya awali, mwenye nyumba ya wageni au katibu wa chama cha akiba na mikopo alimlipa fundi, tovuti ikapanda hewani, na kiungo chake kikasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Kisha fundi akaacha kupokea simu, au akapandisha ada ya mwaka, na mwenye tovuti alipotaka kuhamia kwa mwingine akaambiwa kwamba hakuna kinachoweza kuhamishwa. Kwa sababu hiyo sitajadili urahisi wa kutumia, uzuri wa mwonekano wala kasi ya kurasa, mambo ambayo kila muuzaji atakusimulia bila kuulizwa. Nimeipanga mifumo hii kwa swali moja tu: siku utakapoondoka, utatoka na nini mkononi?

Mfumo wa kusimamia maudhui ni programu inayokaa kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti na kuipeleka kwa wasomaji, na kukuwezesha kuandika, kupanga na kuchapisha kurasa bila kugusa misimbo. Kwa kawaida maandishi hukaa kwenye hifadhidata, picha hukaa kwenye folda zake, na sura ya tovuti huamuliwa na mandhari uliyochagua. Vitu hivyo vitatu havihami kwa njia moja, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoumia.

Nafasi ya kwanza ninaipa WordPress, na sitajifanya sina upande. Matt Mullenweg na Mike Little waliitoa mwaka 2003 kwa kuendeleza programu ya b2/cafelog ambayo mtunzi wake alikuwa ameacha kuishughulikia, jambo lililowezekana kwa sababu leseni ya GPL inamruhusu mtu yeyote kuichukua programu, kuibadilisha na kuisambaza. Leseni hiyo hiyo ndiyo inayokulinda wewe, kwa kuwa unaweza kuichukua WordPress yako nzima, faili na hifadhidata, ukaipeleka kwa mwenye seva mwingine, awe Mwanza, Mombasa au Ujerumani. Na kwa kuwa inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani, fundi wa kuipokea hapatikani kwa taabu.

Hata hivyo, kipenzi changu nacho kina mitego. Kwenye menyu ya zana kuna amri ya kusafirisha maudhui, nayo hukupa faili la XML ambalo fundi mvivu atakutumia akisema kwamba tovuti yako yote imo humo. Haimo. Lifungue kwa programu yoyote ya kuhariri maandishi: utakuta makala, kurasa, maoni, kategoria na majina ya waandishi, lakini kila picha imetajwa kwa anwani yake tu. Unapoliingiza kwenye tovuti mpya na kuteua chaguo la kupakua viambatisho, mfumo mpya hurudi kwenye seva ya zamani kuzichukua picha hizo. Ikiwa seva hiyo imekwisha kuzimwa, utabaki na maandishi yenye mapengo. Kwa hiyo dai vitu viwili, yaani nakala ya folda ya wp-content, ambamo picha na mandhari hukaa, na nakala ya hifadhidata, ambayo hutolewa kwa phpMyAdmin, programu ya kusimamia hifadhidata, wala usiifute hosti ya zamani, yaani huduma ya seva unayolipia, kabla ya kuona kwa macho yako kwamba picha zote zimefika.

Mtego wa pili ni programu-jalizi za kupangia kurasa, yaani programu ndogo zinazoongezwa juu ya WordPress. WPBakery ikizimwa, ukurasa uliokuwa na safu na vitufe vilivyopangika hugeuka kuwa maandishi yaliyozungukwa na mabano mraba yenye maneno kama vc_row na vc_column_text. Divi nayo, kwa miaka mingi, imekuwa ikiacha takataka za aina hiyo, zake zikianza na et_pb. Elementor kwa kawaida huacha maandishi yanayosomeka, ingawa mpangilio hupotea. Tangu toleo la 5.0 la Desemba 2018, WordPress ina kihariri chake cha vitalu, nacho kinatosha kabisa kwa tovuti ya shule au ya nyumba ya wageni. Fundi akisisitiza kutumia kingine, mwombe akizime mbele yako ili uone kinachobaki.

Nafasi ya pili ni ya Ghost, iliyoanzishwa mwaka 2013 na ambayo misimbo yake pia ni huria. Inamfaa mwandishi au mwenye jarida la barua pepe, na faili lake la kusafirishia ni safi, ijapokuwa nalo halibebi picha. Kasoro inayotugusa sisi ni kwamba malipo ya wanachama wake yamejengwa juu ya Stripe, kampuni ya kupokea malipo mtandaoni ambayo biashara iliyosajiliwa Tanzania au Kenya haiwezi kufungua akaunti kwake moja kwa moja.

Drupal na Joomla naziweka nafasi ya tatu kwa pamoja. Zote mbili ni huria na hazimfungi mtu, lakini kuhama si kwenda kwa mfumo mwingine tu. Kuna pia kuhama kutoka toleo moja hadi jingine. Waliokuwa kwenye Drupal 7, iliyotoka mwaka 2011 na kukoma kuhudumiwa Januari 2025, walilazimika kuzijenga tovuti zao upya ili kufika kwenye matoleo mapya, na kazi hiyo inadai fundi wa gharama kubwa.

Ukitaka cha bure, Blogger inatosha kwa kuandika, na inakuruhusu kupakua makala zako zote. Zaidi ya hapo sina la kusema juu yake.

Kisha zipo huduma za kulipia ambazo tovuti yako hukaa kwenye seva zao wenyewe. Squarespace huruhusu sehemu ya maudhui isafirishwe kwenda WordPress, lakini kurasa za bidhaa hubaki nyuma. Wix inaeleza wazi kwamba tovuti iliyojengwa humo haiwezi kuhamishiwa kwenye seva nyingine, na mimi nauheshimu ukweli huo kuliko nyimbo za mawakala wanaokuuzia huduma hiyo bila kukitaja kifungu hicho.

Mkiani kabisa naweka kile ambacho muuzaji hukiita mfumo wetu wenyewe. Ni programu iliyoandikwa na ofisi yake, isiyo na leseni unayoweza kuisoma wala amri ya kusafirisha, na ambayo fundi mwingine hajawahi kuiona. Malalamiko mengi niliyoyapokea yanatoka huko, na bei yake huwa juu kuliko ya WordPress kwa kisingizio kwamba imeandikwa mahususi kwa ajili yako.

Kuhusu bei, sipingi fundi kulipwa, kwa maana kupanga maudhui, kupunguza uzito wa picha na kumfundisha karani wako ni kazi halisi. Ninachokipinga ni ankara yenye mstari wa kusimika mfumo, tena kwa dola, wakati hosti nyingi zenye cPanel, ukurasa wa kuisimamia hosti yako, zina zana iitwayo Softaculous inayoisimika WordPress kwa dakika chache. Ninapinga pia domeni, yaani anwani ya tovuti yako, kusajiliwa kwa jina la fundi. Iwe ni .co.tz au .co.ke, mmiliki anayetajwa kwenye usajili awe wewe au taasisi yako, kwa barua pepe isiyo ya fundi, na nenosiri la msimamizi mkuu ukabidhiwe siku ya malipo ya mwisho, si baadaye. Tena akikutoza mandhari ya kulipia, mwombe stakabadhi ya muuzaji wa asili pamoja na ufunguo wa leseni, kwa sababu mandhari za wizi hupakuliwa bure mitandaoni, mara nyingi zikiwa na misimbo ya wadukuzi ndani yake, na wapo mafundi wanaowauzia wateja kwa bei kamili.