Nimekataliwa posa ambayo sikuipeleka: yadi ya magari iliyopekua rekodi yangu ya mikopo

Naanza na barua, kwa sababu gari lenyewe sikulinunua.

Ziliingia tano ndani ya wiki mbili. Ya kwanza niliisoma nimesimama pale pale kwenye masanduku ya barua ya apatimenti, nikadhani ni ya jirani imepotea njia. Nikatazama jina. Langu, na la baba, na la babu. Benki ambayo sijawahi hata kuisikia inaniandikia kwa adabu kubwa: tunasikitika, ombi lako la mkopo wa gari halikukubaliwa, historia yako ya mikopo haitoshi. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo.

Mimi sijapata kuomba mkopo wa gari katika maisha yangu. Riba siigusi. Marehemu baba alifanya biashara ndogo Tanga miaka mingi na akafa hadaiwi hata shilingi, na mimi nimeishi Houston, jimbo la Texas huku Marekani, miaka kumi na kitu kwa mwendo huo huo: ninachonunua nimekilipia. Pesa ya hili gari ilitokana na upatu. Tuko kumi na wawili, wengi wa nyumbani na Wakomoro wawili, kila mtu anatoa dola 1,000 kwa mwezi, na zamu yangu ilikuwa imefika. Mke wangu ana mimba ya mtoto wa nne, gari letu la zamani halitutoshi, tunataka lenye viti saba. Basi. Sasa watu nisiowajua wananikatalia kitu ambacho sikuwaomba. Ni kama kurudishiwa posa ambayo hukuipeleka, tena na nyumba tano tofauti.

Usiku ule sikulala. Wazo la kwanza lilikuwa wizi. Mtu amechukua jina langu anakopea magari. Si jambo la kufikirika tu huku. Mwaka 2017 Equifax, moja ya kampuni tatu zinazotunza rekodi za mikopo za Wamarekani, iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147. Nikasema na mimi nimo. Mke wangu na tumbo lake la miezi saba anaketi kitandani ananiuliza, "Baba watoto, tutalipa madeni ya nani?" Hilo sitawasamehe. Mengine huenda nikayasamehe, si lile swali.

Asubuhi nikavuta ripoti zangu zote tatu, Equifax, Experian na TransUnion. Siku hizi ni bure kila wiki kupitia ule mtandao wao mmoja wa pamoja. Ripoti ina sehemu inayoonyesha nani kaifungua na lini. Nikashuka na kidole. Yadi ya magari. Halafu benki, benki, benki. Zote tarehe moja. Nikahesabu siku kurudi nyuma, ikaangukia Ijumaa. Nikaijua palepale ile Ijumaa.

Niseme ilivyokuwa, kwa uaminifu, maana sitaki kumwonea mtu.

Nilitoka msikitini, nikapitia yadi moja kubwa kandokando ya barabara kuu inayoelekea kusini. Nilikuwa bado nimevaa kanzu na kofia yangu ya viua. Kijana aliyenipokea alikuwa mzuri kwa kweli. Hakunisukuma, alinipa maji baridi, akanionyesha magari mawili ya familia yaliyotumika, akanieleza kasoro za lile moja bila kuulizwa. Nikamwambia maneno haya, nayakumbuka kwa sababu niliyasema mara mbili: leo naangalia tu, na nikinunua nalipa taslimu kwa hundi ya benki, sitaki mkopo. Akasema sawa kabisa. Nikaomba kuliendesha. Akaomba leseni atoe nakala kwa ajili ya bima yao. Nikampa. Nani asingempa? Kwa ajili ya kijana huyu peke yake nilitaka kuwapa nyota tatu.

Nikaliendesha gari. Zuri. Milango ya pembeni inafunguka yenyewe, na nilimwona mke wangu akilini anampandisha mtoto bila kuinama. Nikarudisha ufunguo, nikashukuru, nikaenda zangu. Karatasi sikusaini hata moja. Namba ya soshali sekyuriti, ile ya serikali inayomtambulisha kila mtu huku, sikuitaja.

Na hapo ndipo ujinga wangu ulipokuwa, ndugu zangu, na naomba msomaji asiuchukue. Niliamini bila ile namba hakuna awezaye kufungua rekodi yako. Kumbe jina kamili, anwani na tarehe ya kuzaliwa mara nyingi hutosha, na vyote vitatu vimeandikwa kwenye leseni. Wakati mimi naendesha gari lao barabarani, ndani kuna mtu amekaa na nakala ya leseni yangu anajaza ombi la mkopo kwa jina langu na kulitupa kwa benki kadhaa kwa pamoja. Wana mfumo wa kompyuta unaofanya hivyo kwa kubofya mara moja.

Nikarudi. Nilisubiri Ijumaa, ndiyo siku yangu ya mapumziko, kwa hiyo nilikuwa tena na kanzu. Kijana wangu hakuwepo. Nikapelekwa kwa meneja wa mikopo, chumba cha kioo, meza safi haina hata karatasi. Nikaweka barua zangu tano mbele yake, nikazipanga. Hakuziinua. Alinitazama mimi. Alitazama kofia. Akaniuliza natoka wapi.

Nikamwambia natoka mtaa fulani hapa hapa Houston.

Akasema hapana, asili yangu.

Nikamwambia Tanzania. Ndipo akaanza kunieleza, polepole, neno moja, kituo, neno jingine, kama unavyomsomea mtoto alifu na bee. Kwamba baada ya Septemba 11 serikali ilipitisha sheria dhidi ya ugaidi. Kwamba yadi zinalazimika kumchunguza kila mtu. Kwamba hasa mtu anayetaka kulipa kiasi kikubwa bila mkopo. Alipofika kwenye neno "ugaidi" alishusha sauti, kama mtu anayetaja maradhi ya aibu mbele ya mgonjwa.

Nilinyamaza. Nimejuta tangu siku hiyo. Mtu amenipekua, kisha ananiambia kosa ni la nguo yangu na nchi yangu, na mimi nimekaa kwenye kiti chake natikisa kichwa kama nimeelewa. Nilipokuwa natoka nikamuuliza swali moja tu: na benki tano kunikatalia mkopo, hiyo nayo ni sheria ya ugaidi? Akajibu kwamba maombi mengi ya mkopo wa gari yakifanyika kwa pamoja huhesabiwa kama moja, kwa hiyo sijaumia chochote.

Sasa, hilo la mwisho lina ukweli. Nimelichunguza. Mfumo wa FICO, unaompa mtu alama za kuaminika kwake katika kukopa, unayakusanya maombi ya mkopo wa gari ya kipindi kifupi, siku 14 kwa matoleo ya zamani na 45 kwa mapya, ukayahesabu kama moja, na kwa watu wengi ombi moja hupunguza chini ya alama tano. Kwa hiyo mtu anaweza kuniambia nimelikuza jambo. Siku mbili tatu nilikaribia kuamini hivyo, nikataka kuacha. Lakini moja ni moja, na mimi sikuomba hata hiyo moja. Na yanakaa kwenye ripoti miaka 2. Na mimi nisiyekopa rekodi yangu ni nyembamba, kila doa linaonekana. Watu wa nyumbani watauliza, usiyekopa rekodi inakuhusu nini? Huku inakufuata kila mlango. Mwenye apatimenti anaitazama kabla hajakupa funguo. Texas inaziruhusu kampuni za bima ya gari kuitumia kupanga bei. Hata kampuni ya umeme hapa Houston inaweza kuitazama ikakudai amana kabla hujawasha taa.

Aliyenitoa gizani ni mwanamke wa maktaba ya sheria ya kaunti ya Harris, katikati ya mji. Nawapa wao nyota tano zote na zaidi. Iko wazi kwa mtu yeyote, huulizwi unatoka wapi wala asili yako. Nilimweleza kisa, akasikiliza mpaka mwisho, akanionyesha sheria ya mwaka 1970 inayolinda taarifa za mikopo: huruhusiwi kufungua ripoti ya mtu bila sababu inayokubalika kisheria. Kisha akanitolea barua ya 1998. Naomba muijue hii barua. Iliandikwa na wanasheria wa Tume ya Shirikisho ya Biashara kumjibu mwanasheria wa chama cha wauza magari, na chama chenyewe ni cha hapa hapa Texas. Wao ndio waliouliza! Wakajibiwa bila kuzungusha: mteja akija kutazama, akiuliza bei, akiomba kulijaribu gari barabarani, hiyo si ruhusa ya kufungua ripoti yake. Lazima iwe wazi kwamba mteja mwenyewe ameanza kununua na kwamba muuzaji anaihitaji ripoti ili biashara ikamilike, la sivyo apate ruhusa yake kwanza.

Tangu 1998 wanalijua hili. Yule bwana wa chumba cha kioo alikuwa na miaka yote hiyo ya kulisoma.

Na ile ya ugaidi? Ipo orodha ya Wizara ya Fedha ya watu ambao ni marufuku kufanya nao biashara, na wauzaji wanatakiwa wasimuuzie aliyemo. Kulinganisha jina na orodha hakuhitaji ripoti ya mikopo ya mtu. Ipo pia fomu wanayotakiwa kuipeleka serikalini wakipokea taslimu inayozidi dola 10,000. Nayo hujazwa ukishalipa, na haina uhusiano na kukuombea mkopo. Mimi sikuwa nimelipa hata senti. Niliposoma haya nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi za maktaba, mikono inatetemeka. Si kwa ajili ya alama tano. Ni kwa kuwa alichagua uongo ule mahususi, kwa mtu mahususi aliyevaa vile.

Niliwaandikia kwa barua ya rejesta, nikaambatanisha nakala ya ile ya 1998, nikataja kwamba sheria inampa mtu dola 100 hadi 1,000 kwa uvunjaji wa makusudi hata kama hakuweza kuonyesha hasara, pamoja na gharama za wakili. Sikudai pesa. Niliomba mambo mawili: waondoe yale waliyoyaweka kwenye rekodi yangu, na yule meneja aniombe radhi kwa lile neno. Jibu lilikuja baada ya muda mrefu, aya moja, pamoja na kuponi ya kubadilishiwa oili bure.

Oili! Kwa gari ambalo hawakuniuzia.

Nikapeleka malalamiko kwenye ofisi ya serikali inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha, na kwa kampuni zote tatu za rekodi. Hapo ndipo waliposhtuka kidogo. Maingizo matatu yameondolewa. Kwa hilo nilitaka kupandisha nyota, naapa nilikuwa nimeshafuta maneno makali ya mwanzo nikaandika "walirekebisha." Kisha nikakumbuka nilivyotikisa kichwa kwenye kile kiti, nikayarudisha.

Rekodi zangu nimezifunga zote tatu. Kufunga ni bure kwa sheria tangu Septemba 2018, unafungua mwenyewe siku ukitaka na hakuna mkopeshaji mpya anayeweza kuchungulia mpaka uruhusu. Fanyeni hivyo kabla hamjaenda yadi yoyote, wallahi msisubiri barua. Na leseni ikitakiwa kwa ajili ya kujaribu gari, andikeni kwa kalamu juu ya nakala yenyewe kwamba hamjaruhusu ripoti kufunguliwa, mpige picha.

Gari tulinunua kwingine, kwa mzee mmoja anayeuza lake mwenyewe. Si zuri kama lile. Milango yake unavuta kwa mkono, na mke wangu bado anainama kumpandisha mtoto. Kila nikimwona anainama roho inaniuma upya, kwa sababu lile la yadi ningelilipia palepale, hundi mkononi, Jumatatu yake.

Yule kijana nampa nyota zake tatu na namwombea apate kazi mahali pengine. Yadi naipa moja, kwa kuwa mfumo haukubali chini ya hapo. Maingizo mawili bado yamo kwenye ripoti yangu. Nilitazama tena leo asubuhi.